Butoyi Hakuwemo Mnarani

Ugonjwa huu umenigharimu meza yangu sokoni Ngara, mbuzi wote tuliokuwa nao, nusu ya migomba ya Murukulazo, na urefu wa vidole viwili. Huo urefu nimeupima mara mbili kwenye fremu ya mlango, maana mara ya kwanza nilidhani fremu ndiyo iliyopanda. Hapo sijauhesabu mguu wa kushoto, ambao bado ninao lakini haunisikii kama zamani. Wala sijaihesabu gemu. Gemu nitaifikia.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyeambiwa una TB ya mgongo ukajibu kama nilivyojibu mimi: "TB gani, mbona sikohoi?" Mambo ya kitabibu waulize wenyewe. Mimi ni muuza mitumba. Najua blauzi ipi itachuja na mteja yupi anajifanya kuondoka ili nimwite. Nitakueleza yale yasiyoelezwa kwenye benchi la hospitali.

Mgongo ulianza kuuma wakati wa kuanika kahawa. Nikasema ni marobota. Miaka yote nilikuwa nabeba robota kutoka stendi hadi mezani kwangu mwenyewe, kwa sababu wapagazi wa pale wana bei za matajiri. Nikasugua dawa ya kuchua. Nikachomwa sindano duka la dawa. Shangazi wa mume wangu akaniletea mama mmoja anayekanda, akanikanda hadi nikaona nyota mchana, akadai na kuku. Vuli ilipoanza nilikuwa nimeota kinundu kati ya mabega na kiuno, na siku moja nilipoinuka kumpimia mteja sketi, miguu ikakataa. Haikuuma. Ilikataa tu, kama mtu aliyechoka kubishana.

Walinilaza nyuma ya pikapu, juu ya magunia ya maharage, wakanipeleka hospitali upande wa Biharamulo. Kama hujawahi kusafirishwa na maharage, nikwambie ni godoro zuri kuliko mengi niliyolalia baadaye.

Benchi la hospitali lina sheria zake. Anayekuja na ndugu watatu anakaa, anayekuja na mmoja anasimama. Mimi sikuweza kukaa wala kusimama, kwa hiyo nililazwa sakafuni kwenye mkeka, na watu wakawa wananiruka. Mama mmoja asiyenijua alivua kitenge chake, akakikunja, akakiweka chini ya kichwa changu. Jina lake sikuliuliza, na hilo linanikera hadi leo. Muuguzi aliyekuwa akitupanga foleni alikuwa mwembamba, mkali, na amevaa koti lililofifia. Nikamwambia kutoka pale chini, "Dada, nina blauzi ya rangi yako, nikipona nakuletea kwa bei ya kununulia." Akacheka. Akasema, "Mgonjwa anayefanya biashara hafi leo."

Wakanipiga picha, wakanitoa maji ya mgongoni, wakasema TB. Vidonge kila siku, mwaka mzima. Na bahati, wakasema, kulikuwa na daktari mgeni wa mifupa, mzungu, anayekuja mara mbili kwa mwaka, anakaa wiki moja na kuondoka. Aliniona siku yake ya mwisho. Alinigusa miguu, akanichoma na pini, akauliza kwa mkono kama nasikia. Kisha akaanza kuzungumza, maneno mengi, kwa upole, huku akinitazama mimi.

Yule muuguzi ndiye aliyekuwa akimtafsiria, lakini dakika ile aliitwa wodi ya wazazi mbio. Tukabaki watatu: daktari, mimi, na shemeji yangu Deo.

Deo ni mdogo wake mume wangu. Unahitaji kumjua. Enzi za ujana wetu alikuwa na banda la video Nyakisasa. Turubai, jenereta, TV ya chogo, na spika. Filamu zilikuwa za Kiingereza au za lugha nyingine ambazo hakuna aliyezijua, na Deo alikaa pembeni na kipaza sauti akitutafsiria. Ndivyo mabanda yalivyokuwa. Hukwenda kumtazama staringi, ulikwenda kumsikia Deo. Mume wangu nilimpata humo bandani, kwa hiyo unaweza kusema hata ndoa yangu ilitafsiriwa na Deo.

Filamu iliyolijaza banda ilikuwa ya jamaa mmoja mwenye fulana nyekundu. Deo alimwita Bukuru, jina ambalo kwetu hupewa pacha wa kwanza, wa pili huwa Butoyi. Alituambia Bukuru alizaliwa pacha, na pacha wake wa kike, Butoyi, ametekwa na adui, amefungwa juu mnarani. Kila mtu aliyeuliwa aliuliwa kwa ajili ya Butoyi. Siku ya kwanza mkanda wenyewe uliharibika kabla ya mwisho, na siku zilizofuata jenereta liliishiwa mafuta palepale, lakini Deo alitusimulia kwa mdomo jinsi ndugu wawili walivyokumbatiana. Wanawake walilia. Mimi nililia. Wazee wa Nyakisasa wenye mapacha walifika nyumbani wakiwaulizia Bukuru na Butoyi wao wa kweli.

Basi Deo huyo ndiye aliyesimama kati yangu na daktari. Daktari akamtazama, akauliza kitu. Deo akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akasema, "Yesi." Daktari akaongea tena. Deo akanigeukia.

"Shemeji, amesema ulale. Usisumbue miguu. Dawa zitafanya kazi yake. Pasaka utakwenda kanisani kwa miguu yako."

Nililia kwa furaha. Nikamshika daktari mkono. Daktari akashangaa kidogo, lakini akatabasamu.

Nikarudi nyumbani Ngara kulala, na nilipolala nililala kweli. Mume wangu Leonidasi alitengeneza kitanda cha mbao ngumu, akanifunga mkanda wa mgongo tuliopewa hospitali. Vidonge alikuwa anavichukua kituo cha jirani, ambako walijua kuhusu vidonge tu. Mkojo ukawa mwekundu kama mawese. Nilikuwa nanuka dawa hadi Fausta, binti yetu wa darasa la pili, akakataa kunilalia kifuani. Meza yangu sokoni iliuzwa. Leonidasi alinidanganya kwamba ameikodisha. Mke wa muuza viatu, jirani yangu wa sokoni, alipokuja kunipa pole ndiye aliyeropoka kuwa sasa pale panauzwa chaja za simu. Sikumsemesha mume wangu kwa siku kadhaa, jambo gumu ukiwa unahitaji mtu huyohuyo akugeuze.

Nikasema vidonge basi. Kila asubuhi vilikuwa vinanipeleka kwenye ndoo hadi adhuhuri. Nilianza kuvificha chini ya godoro.

Hapo ndipo Deo alipoleta gemu.

Banda lake lilikuwa limekufa siku nyingi, maana kila mtu sasa ana filamu mfukoni. Alilijaribu kuwa banda la gemu, likafa tena. Vilivyobaki vilikuwa TV ya chogo, kidude cha kuchezea, pedi mbili zenye nyaya, na kaseti moja. Juu ya kaseti kulikuwa na picha ya jamaa mwenye fulana nyekundu.

"Unamkumbuka?" akasema.

"Bukuru!"

"Mwenyewe. Sasa wewe ndiye Bukuru. Meza vidonge, halafu nenda kamtoe Butoyi."

Kwa kuwa nililala ubavu, Deo aliilaza na TV ubavu, juu ya robota la mwisho nililobakiwa nalo. Mimi niliona sawa. Wageni ndio waliopinda shingo.

Sasa nitasema ukweli kuhusu gemu hiyo, kwa kuwa nimeuza vitu vibovu maisha yangu yote na ninajua kitu kibovu nikikiona. Ilikuwa mbovu. Bukuru anatembea kuelekea kulia tu. Hawezi kurudi. Ukimwambia aruke, anafikiri kwanza, halafu anaruka, na hapo shimo limeshamla. Ndege wanatokea nyuma yake bila taarifa na wanamuua kwa kumgusa, mwanaume aliyeua jeshi zima kwenye filamu! Wimbo ni mmoja, mfupi, unazunguka kama nzi. Unapewa roho tatu. Zikiisha, unaanza upya mwanzo kabisa, na umeme ukikatika unaanza upya pia, na umeme wa mtaa wetu hauhitaji sababu. Aliyetengeneza gemu ile aliichukua fulana nyekundu akaona imetosha, kama wale wanaobandika lebo ya Ulaya kwenye shati la viraka. Angeileta mezani kwangu ningemrudishia mkononi.

Lakini niliicheza. Nilimeza vidonge, nikatapika, nikaicheza. Miezi ya vidonge vingi sikuvuka daraja la mbao. Mvua za vuli zikaisha, wakanipunguzia vidonge, nikaingia pango la popo. Dole gumba likaota sugu. Nilimtukana Bukuru kwa Kihangaza, maana Kiswahili kilikuwa hakitoshi. Leonidasi alikuwa akisimama mlangoni na ndoo, anasema, "Mama Fausta, ni mchezo tu."

"Mchezo? Wewe unatembea. Nyamaza."

Miguu yangu ilikuwa mwishoni mwa kitanda, chini ya blanketi, inakonda. Sikuisumbua. Niliambiwa nisiisumbue. Nilikuwa nikiitazama ikipungua nyama kama mshumaa, nikajipa moyo kwamba daktari anajua, na Pasaka inakuja.

Pasaka ikaja. Kengele zikalia, majirani wakapita na nguo mpya, nyingine nilizouza mimi. Nilimwita Deo.

"Leo ni Pasaka."

Akajikuna. "Alisema Pasaka, shemeji. Hakusema ya mwaka gani."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, ndiyo sababu nina hasira hivi. Mimi ambaye sikubali bei ya kwanza ya kitu chochote, ahadi ile niliinunua bila kuigeuza nione ndani.

Masika yakapita. Maharage yakavunwa. Nikawa nimelivuka pango na kuijua hatua ya treni yote, kila gunia linaloanguka, kila adui anayetokea dirishani, na nikagundua kwamba ukisimama nyuma ya behewa la mwisho ndege hawakuoni. Nikafika mnarani, mwisho wa gemu. Nikaupanda, nikaanguka, nikarudishwa darajani. Nikaupanda tena. Na mchana mmoja wa kiangazi, umeme ukiwa na adabu, nikiwa na roho moja, nikamuua adui mkubwa juu kabisa.

Chumbani tulikuwa wanne. Fausta alikuwa amepanda kitandani. Deo alikuwa kwenye kigoda, na Mwalimu Winifrida, jirani yetu anayefundisha sekondari, alikuwa ameleta uji.

Nilipiga kelele. Deo naye akapiga kelele. Adui akapotea, mlango wa mnara ukafunguka, Bukuru akaingia. Nikangoja. Kioo kikawa cheusi. Yakatokea maandishi meupe, mistari miwili ya Kiingereza.

"Butoyi yuko wapi?" nikauliza.

Deo hakusita hata kidogo. Sauti ikawa ile ya bandani, nzito, ya puani. "Anasema: Kaka yangu, nilijua utakuja. Nilihesabu siku ukutani. Twende nyumbani kwa mama."

Fausta akapiga makofi. Mwalimu Winifrida, na bakuli la uji mkononi, akapinda shingo kusoma. Akaanza kucheka hadi uji ukamwagika.

"Deo jamani! Hapo pameandikwa: Kazi nzuri. Sasa jaribu tena, ngumu zaidi."

"Na Butoyi?"

"Hakuna Butoyi, dada. Hakuna mtu yeyote."

Ule wimbo ukaanza. Bukuru alikuwa amesimama tena mwanzo wa barabara, anatazama kulia.

Deo alikuwa anacheka pia, kama mtu aliyekamatwa na karata mkononi. Mimi sikucheka. Nilimwangalia mdomo. Niliisikia ile sauti, ile aliyomtafsiria Butoyi dakika ileile, na nikakumbuka nimeisikia wapi mara ya mwisho. Nilihisi baridi kuanzia kwenye kinundu kwenda juu.

"Deo. Daktari alisema nini?"

"Daktari yupi?"

"Usinichezee. Yule mzungu. Alisema nini?"

Akaacha kucheka. Akamtazama Mwalimu, akaitazama TV, akaitazama sakafu.

"Shemeji, alikuwa anaongea haraka."

"Alisema nini?"

"Nilisikia... mguu. Nilisikia kitanda."

"Na Pasaka?"

Akakivuta kigoda nyuma.

"Deo, Pasaka uliitoa wapi?"

"Ulikuwa unaniangalia," akasema. Sauti ya bandani ilikuwa imekwisha, imebaki ndogo ya kwake. "Ulikuwa chini pale, unaniangalia mimi. Ningesemaje kwamba sijui?"

Nilimrushia pedi. Waya ulikuwa mfupi, ukaivuta TV kutoka kwenye robota, ikaanguka kifudifudi. Nilitaka kunyanyuka nimshike shingo. Nilijaribu kweli. Kiuno kilifika ukingoni mwa kitanda, miguu haikuja. Leonidasi alinikuta nusu nje, nalia kwa hasira, Fausta naye analia kwa kuniona, na Deo ameshaondoka.

Mwalimu Winifrida ndiye aliyenipeleka hospitali wiki ileile, kwa gari lenye viti. Benchi ni lilelile. Yule muuguzi mwembamba aliponiona alisimama katikati ya korido.

"Wewe! Mama wa blauzi! Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nimelala."

"Tulikungoja masika. Daktari alikuja, alikuulizia wewe. Alisema, yule mama wa kwenye mkeka yuko wapi? Tukadhani umekufa."

Sijawahi kutamani kumpiga mtu aliyenifurahia, ila siku ile nilitamani kuupiga ukuta. Nikamwomba aniambie daktari alisema nini juu yangu. Akasema hilo analikumbuka, kwa kuwa wagonjwa wote wa mgongo huwa anawaambia vivyo hivyo, na masika alilirudia alipoona sikuja. Vidonge visikatike. Nikae na mkanda. Miguu ikunjwe na kunyooshwa asubuhi na jioni, na ndugu, isiachwe ikalala hata siku moja. Nirudi masika aone kama itabidi kunipasua.

"Na kutembea? Alisema nitatembea lini?"

"Alisema hajui," muuguzi akasema. "Yule huwa anasema tu hajui. Anasema tungoje tuone."

Kinyume kabisa, unaona? Aliyesoma alisema hajui. Deo ndiye aliyejua.

Muuguzi alituonyesha namna ya kuikunja miguu. Iliuma kuliko ugonjwa wenyewe, maana ilikuwa imekauka kama ngozi isiyopakwa mafuta. Nyumbani Leonidasi aliianza kazi hiyo, lakini alikuwa akiniogopa, ananikunja kama anakunja barua. Siku ya tatu mlangoni akaja Deo. Hakuingia.

"Shemeji, naomba nifanye mimi."

Nilitaka kukataa. Lakini Deo ana mikono yenye nguvu, ya kuwasha jenereta, na mimi ni mfanyabiashara.

"Kwa sharti moja. Usiseme kitu. Hata neno moja. Humu ndani wewe ni mikono tu."

Akaja asubuhi na jioni, hadi vuli ikarudi. Alinikunja, akaninyoosha, nikamtukana, hakujibu. Fausta akawa anahesabu kwa sauti ili kuwe na mtu anayeongea. Kwanza kidole gumba cha mguu wa kulia kilisogea. Deo alikiona kabla yangu. Alifumbua mdomo, akanitazama, akaufunga. Machozi yakamtoka kimya kimya, nami nikatazama ukutani kwa sababu sikutaka kumpa hata hilo.

Daktari alipokuja tena nilisimama mbele yake kwa kushika meza. Safari hii muuguzi hakutoka, nilimshika koti. Daktari aligonga magoti yangu, akasema kisu hakihitajiki, mguu wa kulia utaendelea, wa kushoto hajui. Nikauliza kama ile miezi ya kulala ndiyo iliyouua wa kushoto. Akaugusa tena mguu wa kushoto, akajibu. Muuguzi akatafsiri: "Anasema huenda. Na huenda ungekuwa hivyo hivyo. Hajui."

Vidonge vimekwisha. Natembea kwa fimbo, naburuta wa kushoto, nimepata nusu meza sokoni kwa mwenye chaja, ambaye ni mwizi wa bei lakini ananiletea kigoda. Yule muuguzi nilimpelekea blauzi yake, bila malipo, na kwangu hilo halijawahi kutokea. TV ya chogo haijafa, iko pembeni imesimama wima sasa, na Fausta anamrusha Bukuru mashimoni.

Sasa ukoo umeamua yaishe. Jumapili ijayo watakuja na pombe ya ndizi, Deo atapiga magoti, nami natakiwa kutaja faini yangu. Leonidasi anasema, "Sema mbuzi, tumalize." Sijawahi kushindwa kutaja bei. Hii imenishinda. Nikiuhesabu mguu, mbuzi ni matusi. Halafu nakumbuka vidonge vilivyokuwa chini ya godoro, na kwamba nilivitoa nikavimeza ili nimfikie msichana ambaye hakuwepo. Bila uongo wa pili wa Deo, wa Butoyi, labda nisingefika mahali pa kuulaani ule wa kwanza, wa Pasaka. Nimehesabu mara mbili, na kila mara hesabu inatoka tofauti. Na hasira haijapungua hata kwa kipimo cha kijiko.

Basi wewe uliyelazwa, au uliyemlaza mtu, nishauri kabla ya Jumapili. Nimdai Deo nini? Ila usinipambie. Kama unajua, sema. Kama hujui, sema hujui, uishie hapo hapo. Jibu hilo nalihitaji sana, na nitalipokea bila kuomba punguzo.